Parachuti Haikuwa na Kosa

Kwa wiki sita mpwa wangu aliamini kwamba yeye ndiye aliyeiangusha roketi yetu. Mimi nilijua tangu jioni ya siku ile ile kwamba si yeye. Nilijua, nikanyamaza. Nayaandika haya kwa ruhusa yake, na ameniomba jambo moja tu: nisipunguze siku. Zilikuwa wiki sita kamili.

Tunaishi Wichita, katika jimbo la Kansas, Marekani, mji ambao tangu miaka ya 1920 umekuwa ukila kwa kutengeneza ndege. Kazi yangu ni nyaya. Kwenye karakana ninayofanyia kazi tunafunga matita ya nyaya yanayopita ndani ya mbawa na chini ya sakafu ya ndege, na kila kiungo ninachokibana hukaguliwa na mtu wa pili, naye huweka sahihi yake chini ya yangu. Sitaji kazi hii ili nisifiwe. Naitaja ili ijulikane kwamba kosa langu halikuwa la mtu asiyejua umeme.

Mimi na dada yangu tulizaliwa Malindi. Ukienda Ngomeni utaona majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini, ambako Waitaliano walirushia roketi za Scout kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Satelaiti ya kuchunguza miale ya eksirei angani ilipaa kutoka pale tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ndipo ikapewa jina la Uhuru. Marehemu baba yetu alikuwa mvuvi, na hadithi za moto ule uliopanda juu ya maji ndizo tulizolalia utotoni. Mpwa wangu alizisikia kwangu. Alikuja Marekani na mama yake akiwa na miaka 6. Wakati wa mambo haya alikuwa na miaka 15, na kwa miaka miwili alikuwa haikosi karakana yangu ya nyumbani hata Jumamosi moja.

Roketi tuliyoiunda ilikuwa na urefu wa mita 1.8 na kipenyo cha sentimita 7.5, mwili wa karatasi ngumu tuliouvika fibaglasi. Pamoja na mota ilifika kilo 2.3. Mota ilikuwa ya daraja la I. Katika mchezo huu wa kurusha roketi mota hupangwa kwa herufi, kila herufi ikifikia nguvu maradufu ya ile iliyotangulia, na kuanzia H kwenda juu huuziwi mpaka uwe mtu mzima uliyefaulu kurusha na kuirudisha roketi salama mbele ya wakaguzi wa chama. Mimi ndiye niliyefaulu. Kwa sheria na kwa desturi ya uwanja, roketi ile ilikuwa yangu, na kila kilichokuwemo ndani yake kilikuwa juu yangu. Mpwa wangu alikuwa msaidizi. Hilo nilipaswa kulikumbuka zaidi ya mtu yeyote.

Roketi inayopanda karibu mita 900 huwezi kuifungulia parachuti kubwa kule kule juu, hasa Kansas, ambako upepo haupumziki. Itapeperuka hadi mashamba ya watu. Kwa hiyo hufunguliwa mara mbili. Ikifika kileleni, mwili hugawanyika na parachuti ndogo hutoka, inayoizuia isishuke kama mkuki lakini inaiacha ishuke upesi. Zikibaki mita 150 kufika ardhini, parachuti kubwa hutoka na kuitua taratibu. Anayeamua yote hayo ni altimita, kibao cha elektroniki kisichozidi urefu wa kidole, kinachopima shinikizo la hewa mara 20 kila sekunde kupitia vitundu vilivyotobolewa ubavuni mwa roketi. Kutoka malishoni tunakorushia hadi kimo kile, shinikizo hupungua kwa karibu kilopaskali 10. Altimita huliona likishuka, likishuka, likisita, kisha likianza kurudi. Hapo hujua kilele kimepita, nayo hupeleka umeme kwenye kiberiti cha kwanza. Kiberiti chenyewe ni uzi mwembamba wa chuma uliozamishwa ndani ya kichwa cha dawa: mkondo ukipita uzi huwaka, dawa hushika moto na kuwasha kijiko cha baruti, na gesi ya baruti husukuma vipande viwili vya roketi viachane. Kiberiti cha pili hungoja zile mita 150.

Betri ya altimita yetu ilikuwa ya lithiamu ya kuchaji, seli moja, bapa kama biskuti ndogo. Agosti 2023 niliikuta imevimba. Betri ya aina hiyo ikivimba haina tiba, nikaipeleka wanakopokea taka za hatari. Siku ya kurusha ilikuwa inakaribia na mpya ya aina ile ile isingewahi kufika. Ndani ya droo nilikuwa na betri nyingine, nayo seli moja, volti 3.7, niliyoitoa kwenye kamera ndogo iliyokufa. Volti zililingana. Ukubwa ulilingana. Hata plagi ilifanana, ile nyeupe ya pini mbili.

Plagi ile ina mtego wake, na mafundi wengi wanaujua. Inatumiwa na watengenezaji wa kila namna, lakini hawakuwahi kukubaliana chanya ikae upande gani. Nilichukua mita, nikapima. Kweli, chanya ya betri ilikaa upande wa hasi wa altimita. Ningeichomeka kama ilivyo, altimita ingeungua papo hapo. Nilichukua sindano nikainua kikucha cha plastiki kinachoshika pini, nikazitoa moja baada ya nyingine ili zisigusane, nikazibadilisha nafasi, nikapima tena. Kisha nikamwita mpwa wangu aje aone.

"Umeona?" nikamwambia. "Asiyepima angeshaiua."

Akachukua mita akapima mwenyewe, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Nilijawa na furaha jioni ile. Nimeifikiria furaha hiyo mara nyingi tangu wakati ule, kwa sababu ndiyo iliyonilaza. Nilikuwa nimelitafuta kosa ninalolijua, nikalipata, nikaona kazi imekwisha.

Kichwani mwa betri, chini ya utepe wa manjano, palikuwa na kibao chembamba cha kijani. Nilikiona. Nilijua ni nini. Ni mlinzi wa betri: hukata umeme betri ikichajiwa kupita kiasi, ikinyonywa hadi karibu na ukomo wake, au mkondo ukipita kipimo kilichowekwa. Ndani ya kamera mlinzi huyo huzuia moto. Nikajiambia, vizuri, hii ni salama kuliko ile iliyovimba. Kipimo kilichowekwa ni kipi, sikujiuliza. Na hesabu yake ni ya dakika moja. Kiberiti kina ukinzani wa omu 1.5 hivi, ongeza nyaya na swichi, sema 1.7. Betri iliyochajiwa ina volti 4.1. Gawanya: ampea 2.4. Mlinzi wa betri ile alikuwa akikata kwenye ampea 2. Kazini hesabu ya namna hiyo huifanya bila kuambiwa, kwa sababu kuna mtu atakayekuja kuuliza. Nyumbani hapakuwa na wa kuniuliza ila kijana aliyeniamini.

Nilifanya jaribio, na jaribio lenyewe ni sehemu ya kosa. Viberiti vilikuwa vimebaki vinne tu. Viwili ni vya kurushia, na viwili sikutaka kuvitumia. Nikafunga balbu mbili ndogo mahali pa viberiti, nikaiweka altimita ndani ya chupa ya kioo, nikanyonya hewa kwa bomba la sindano ili idhani inapaa, kisha nikairudisha hewa polepole. Balbu ya kwanza ikawaka. Baadaye ya pili. Mpwa wangu akapiga makofi. Lakini balbu ile hunywa ampea 0.2, chini ya moja ya kumi ya mkondo wa kiberiti. Mlinzi hakuwa na sababu ya kushtuka. Nilikuwa nimeijaribu betri kwa kazi ambayo haingeitwa kuifanya.

Tulirusha Jumamosi moja ya Septemba, malishoni, kusini mwa mji. Parachuti kubwa aliikunja mpwa wangu. Ilikuwa kazi yake tangu mwanzo, na aliifanya kwa mkono mzuri: aliilaza paneli juu ya paneli, akaipaka poda ya watoto isigandane, akazipanga kamba kwa mikunjo mifupi, akaifunga ndani ya kitambaa kisichoshika moto. Mama yake hukunja leso vivyo hivyo, pembe juu ya pembe, akiisawazisha kwa kiganja. Aliposhika mzigo ule uliomalizika alinitazama, nami nikaitikia kwa kichwa.

Msimamizi wa usalama aliuliza maswali yake ya kila siku. Mota gani, uzito gani, parachuti inatoka kimo gani. Betri?

"Mpya," nilijibu.

Haikuwa mpya. Ilikuwa ngeni kwa roketi ile, jambo ambalo ni kubwa zaidi, na ningesema hivyo pengine angeniuliza swali la pili.

Kwenye reli ya kurushia niliwasha swichi. Altimita ikalia ile milio yake ya kusema viberiti vyote viwili vimeungwa. Tukarudi nyuma, wakahesabu, ikapaa. Ilipanda imenyooka hata watu wakaguna kwa kuridhika. Juu kabisa tuliona kijiwingu cha moshi mweupe, na baada ya kupumua mara moja sauti yake ikatufikia. Parachuti ndogo ikachanua. Mpwa wangu aliinua mikono yote miwili.

Halafu tukangoja. Mita 300. Mita 200. Tulijua kwa macho, maana tulikuwa tumeshaona nyingi zikishuka. Mita 150 ikapita. Msimamizi akapaza sauti kwenye kipaza sauti watu waangalie juu. Kilo mbili za karatasi, fibaglasi na chuma zilipiga ardhi kwa mwendo wa karibu kilomita 80 kwa saa, hatua 40 kutoka kwenye safu ya magari, ng'ambo ya mahali ambapo familia moja ilikuwa imekunjua viti na kumlaza mtoto kivulini. Upepo kidogo tu wa upande mwingine, na leo ningekuwa naandika mambo mengine.

Mpwa wangu alikimbia, nami nyuma yake. Alifika mbele yangu. Aliinama akakishika kipande cha juu kwa mkono mmoja na cha chini kwa mwingine, akitaka kuvivuta aone parachuti. Hapo nikausikia mlio.

Altimita iliyomaliza safari yake hulia tarakimu za kimo ilichofika. Hii haikuwa ikilia hivyo. Ilikuwa inalia mara moja, kimya, mara moja, kimya. Kwa lugha yake ilikuwa inasema: nipo jukwaani, kiberiti kimoja kimeungwa, nangoja kurushwa. Baruti ya parachuti kubwa ilikuwa ingali nzima, mbele ya kifua cha mtoto wa dada yangu, na altimita ilikuwa macho. Ukivuta ghafla vipande viwili vya roketi hewa ya ndani hunyonywa, shinikizo hushuka. Na kwa altimita kushuka kwa shinikizo maana yake ni kupaa. Nusu kilopaskali tu ingetosha kuiamsha.

"Weka chini!" nilipiga ukelele. "Iache! Ondoka hapo!"

Aliiachia kama aliyeungua, akarudi nyuma. Nilipiga magoti nikazima swichi kwa bisibisi, mkono ukitetemeka. Nikamwambia akakusanye mapezi yaliyovunjika. Akiwa mbali nilizichomoa nyaya, nikautoa ule mfuko wa baruti, nikauingiza ndani ya chupa ya maji. Kumtuma mbali kulikuwa kwa ajili ya usalama wake. Hilo sina shaka nalo. Lakini aliporudi hakuukuta mfuko, nami sikumwambia kwamba haukuwaka.

Alikuwa na machozi. "Mjomba, ni mimi," alisema. "Niliikunja vibaya. Imekwama ndani."

Nilimwekea mkono begani, nikasema, "Hutokea, mwanangu."

Neno hilo ndilo ninaloliungama zaidi ya betri. Lilisikika kama neno la huruma. Watu waliokuwa karibu walinitazama kwa upole, mjomba asiyemkemea mtoto. Wakati ule nilikuwa na shaka tu, sikuwa na hakika. Lakini shaka yangu haikuelekea parachuti hata kidogo. Mlio ule nilikuwa nimeusikia kwa masikio yangu. Kwa kusema "hutokea" nilikubali kwamba kosa limetokea, na kwamba limetoka kwake.

Jioni niliiunganisha altimita na kompyuta. Kumbukumbu ilikuwa safi. Mistari ilipanda hadi mita 874, kila mstari ukiwa na volti zake, zote juu ya 4. Kisha mstari wa kuwasha kiberiti cha kwanza. Baada ya huo, hapakuwa na kitu. Ukurasa uliobaki ulikuwa mweupe.

Nilitoka uani peke yangu na kiberiti kimoja kati ya viwili vilivyobaki, bila baruti, nikakiweka ndani ya kopo la bati, nikakifunga kwenye altimita ile ile na betri ile ile. Nikaipa amri. Kiberiti kikalipuka, na altimita ikanyamaza kabisa. Baada ya muda mfupi ikaanza kulia ule wimbo wake wa kuamka. Ikawa wazi kabisa. Mkondo wa kiberiti ulipita kipimo, mlinzi akakata, altimita ikafa. Ina hifadhi ndogo ya umeme ya kuivusha volti zikiyumba, lakini si ya kuivusha betri ikitoweka. Ilipokufa, mzigo ukaondoka, mlinzi akafungua tena, nayo ikazinduka ikiwa mita mia kadhaa angani bila kujua kwamba imepaa. Ikalichukua shinikizo la pale kuwa ndilo la ardhini, ikakaa kungoja kurushwa, mpaka ilipopiga ardhi. Kiberiti cha pili hakikupata amri. Parachuti ilikuwa imekunjwa vizuri kabisa, ikingoja mlango ambao mimi nilikuwa nimeufunga.

Nililala nikiwa nimeazimia kumwambia asubuhi.

Jumapili huwa nakula kwa dada yangu. Nilipoingia, mpwa wangu alikuwa ameshaanza. Alisimama mbele ya mama yake, hakukaa, akamweleza kila kitu: jinsi alivyoikunja, jinsi ilivyokwama, familia ile yenye mtoto, jinsi ambavyo mtu angeweza kufa kwa mkono wake. Hakujitetea. Hakusema upepo, hakusema bahati. Dada yangu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamshika uso kwa mikono miwili.

"Umefanya vyema kusema," akamwambia. "Wengi wangenyamaza."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikunywa.

Sijui namna nyingine ya kulisema. Palikuwa na nafasi iliyo wazi, ya sentensi moja, na nilikuwa na sentensi hiyo. Kijana wa miaka 15 alikuwa ameonyesha mbele yangu namna inavyofanywa, kwa kosa ambalo si lake. Ningesema wakati ule ningeonekana mdogo kuliko yeye, nami nilikuwa nimezoea kuwa fundi, yule ambaye sahihi yake inaaminiwa. Nikajiambia nitamwambia tukiwa wawili. Kisha nikajiambia akishatulia. Kisha nikajiambia kwamba somo la kukunja parachuti kwa uangalifu halitamdhuru. Uongo huo wa mwisho ndio mchafu kuliko wote, maana niliutengeneza kwa makusudi na kwa muda karibu niliuamini.

Jumamosi iliyofuata hakuja karakana. Alikuwa na kazi za shule. Iliyofuata pia. Nilibandika mapezi mapya peke yangu. Mwanzoni mwa Oktoba nilimpigia simu aje tupake rangi, akaja, akapaka, hakuongea sana. Nilipomsogezea parachuti akairudisha mezani kwa ncha za vidole.

"Kunja wewe, Mjomba."

Nikaikunja. Mikono yangu ni mizito kwa kazi ile. Mikunjo ilitoka minene. Aliiona, hakusema kitu.

Ijumaa moja mwishoni mwa Oktoba nilipita kwa dada yangu usiku kumrudishia gari. Mwanawe alikuwa amelala. Akanishika mkono akanipeleka hadi mlangoni pa chumba chake, akasukuma mlango kidogo. Kijana alikuwa amelala juu ya shuka bila kujifunika, nguo za mchana mwilini. Ubavuni mwake palikuwa na parachuti ya zamani, ya roketi yetu ya kwanza, imekunjwa nusu. Kopo la poda lilikuwa sakafuni.

"Kila usiku," dada yangu alinong'ona. "Anaikunja, anaikunjua, anairusha juu ya kitanda, anaikunja tena. Nimemwuliza akanambia anajifunza."

Tulikwenda jikoni. Nilimwambia hapo hapo, nimesimama, hata koti sijavua. Betri, mlinzi, kumbukumbu nyeupe, kopo uani, kikombe cha chai. Alikuwa na sufuria motoni. Alizima jiko, akafuta mikono taratibu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mimi unaniambia kwa nini?" alisema. "Mwambie mwenyewe. Na usimwite pembeni ukamnong'oneza. Yeye alisimama mezani pangu akasema. Na wewe simama."

Jumapili ile alipika mahamri na mbaazi. Sikukaa. Nilisema yote kwa mpangilio ule ule niliouandika hapa, na nilipofika kwenye neno "hutokea" sauti ilinikwama, nikangoja mpaka ikarudi. Mpwa wangu hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Ulijua lini?"

"Jioni ile ile."

"Kabla sijamwambia Mama?"

"Kabla."

Aliitazama sahani yake. Kisha akasema, "Na pale ulipopiga kelele?"

"Baruti ilikuwa bado nzima. Niliogopa ingekulipukia mikononi."

"Mimi nilidhani umenikasirikia."

Wiki zote sita sikuwahi kulifikiria hilo. Nilikuwa nimehesabu uongo wangu wa kunyamaza, na huu ulionipita ulikuwa ndio uliomkalia usiku. Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alisema, "Nionyeshe."

Kiberiti kilikuwa kimebaki kimoja. Tulitoka uani, miwani usoni, kopo lile lile. Alifunga nyaya yeye. Nilimpa betri ya kamera, akaugeuza utepe wa manjano akakitazama kibao cha kijani kwa karibu. Akatoa amri mwenyewe. Kiberiti kikalipuka, altimita ikanyamaza, tukasikia ndege kwenye mti wa jirani, kisha wimbo wa kuamka. Aliuacha ulie hadi mwisho. Halafu akaniomba ile hesabu, nikaiandika kwenye ubao wa karakana: omu 1.7, volti 4.1, ampea 2.4. Akaipigia mstari.

"Kuna nafasi mbili za betri hapa," akasema baada ya kuigeuza altimita. "Moja ya akili na moja ya viberiti. Kwa nini tumeziunganisha pamoja?"

Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa tangu tuinunue, nami sikuwahi kuuliza. Sasa tunatumia mbili. Inayowasha viberiti ni betri isiyo na mlinzi, ya aina inayorusha vindege vya kuchezea, inayoweza kutoa mkondo mkubwa bila kushtuka. Na kwa kuwa haina wa kuilinda, tunailinda sisi. Haichajiwi kupita volti 4.2, haiachwi ishuke chini ya 3, haichajiwi tukiwa tumelala au tumetoka, na isipotumika inahifadhiwa kwenye 3.8. Hata betri ya viberiti ikikatika, akili haipotezi umeme wake. Na kila betri mpya au ngeni hujaribiwa kwa kiberiti cha kweli, hata kama ndicho cha mwisho ndani ya nyumba.

Novemba, kabla ya mtu yeyote kurusha, nilimwendea msimamizi wa usalama nikamweleza kuhusu lile neno "mpya". Alinisikiliza, akaniuliza kama ningeweza kulisema mbele ya wote kwenye kikao cha asubuhi. Nililisema, betri ya kamera ikiwa kiganjani. Warushaji wawili walikuja baadaye kuniuliza mlinzi anatambuliwaje, nikawaonyesha utepe wa manjano. Mmoja wao alikwenda moja kwa moja kwenye gari lake akaifungua roketi yake, hakuirusha siku ile.

Mpwa wangu amerudi karakana, si kila Jumamosi. Anaunda roketi yake ndogo, ya mota za daraja la F, na parachuti yake anaikunja mwenyewe kwa mkono ule ule mzuri. Ya roketi yangu naikunja mimi. Nimemwuliza mara moja tu kama angependa kuichukua tena kazi ile. Alikuwa anapiga msasa pezi, hakusimamisha mkono.

"Bado, Mjomba," alisema.